Mbegu Kumi na Mbili: Mguu-bukini wa Grand Canyon katika Karatasi za Hebaria

Karatasi yenyewe ilikuwa nyeupe zamani; sasa imeanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ina upana wa sentimita 29 na urefu wa sentimita 42 hivi, kipimo kinachotumiwa na hebaria nyingi (yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa) za Marekani, na juu yake umelazwa mmea mmoja usiofika urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Majani yake yana umbo la pembetatu, kila jani likiwa na pembe mbili zilizotokeza pembeni karibu na kikonyo, na upande wa chini bado yameshika vumbi jeupe linalofanana na unga wa muhogo uliobaki kwenye ungo. Katika kona ya chini, mkono wa kulia, pamebandikwa lebo iliyopigwa kwa taipureta. Juu ya lebo pana bahasha ndogo ya karatasi, iliyokunjwa bila gundi, na ndani ya bahasha hiyo mna mbegu kumi na mbili, nyeusi, za mviringo, kila moja ikiwa na upana wa milimita moja hivi.

Nilizihesabu mara mbili. Nilikuwa nimekaa mbele ya hadubini katika hebaria ya chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Arizona, ambako kwa miaka miwili ya masomo yangu nilijitolea kila Ijumaa mchana kunakili lebo za mimea mikavu na kuziingiza kwenye kompyuta. Kazi hiyo haikuwa sehemu ya shahada yangu. Niliianza kwa sababu ya upweke wa majira yangu ya kwanza ya baridi, nikaendelea nayo kwa sababu ya mmea huu, ambao watu wengi huupita bila kuutazama mara ya pili.

Kwa Kiingereza huitwa kwa jina la mguu wa bata bukini, na jina la kisayansi la jenasi yake, Chenopodium, linasema hivyo hivyo kwa Kigiriki, kwa kuwa jani lake lilifananishwa na wayo wa ndege huyo. Sijasikia jina lake la Kiswahili lililozoeleka, kwa hiyo nitauita mguu-bukini. Umo katika familia moja na mchicha wetu, Amaranthaceae, na anayeujua mchicha hahitaji kuambiwa mara mbili: maua madogo ya kijani yasiyo na petali, yaliyosongamana juu ya shina, mbegu nyingi zisizo na hesabu, na ile tabia ya kupenda udongo uliochimbuliwa, penye samadi, kando ya zizi, mahali walipolala wanyama au watu. Kwinoa, mbegu za chakula zinazouzwa siku hizi kwa bei kubwa, ni ndugu wa karibu zaidi, wa jenasi hiyo hiyo. Spishi iliyokuwa mbele yangu, Chenopodium fremontii, ilipewa jina hilo na mtaalamu wa mimea Sereno Watson mwaka 1874, kwa heshima ya John C. Frémont, mpelelezi aliyezunguka nchi za magharibi ya Marekani katika miaka ya 1840 akikusanya mimea njiani, na ambaye baadaye alikuwa gavana wa Arizona ilipokuwa bado haijawa jimbo kamili.

Jioni ile nilimpigia mama simu Lushoto, ambako kulikuwa kumepambazuka. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya habari za mvua, nilimweleza nilichokuwa nikikitazama. Aliuliza kama majani yake yanachumwa. Nikamjibu kwamba Wahopi, wenyeji wa nchi ile, waliyachemsha kama mboga tangu zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, mboga ya watu inabandikwa kwenye karatasi ili iweje?"

Nilimjibu vibaya siku hiyo, kwa maneno ya darasani. Jibu ambalo ningempa leo ni kwamba karatasi ile ni shahidi anayeweza kuitwa tena. Mtu akiandika kitabuni kwamba mmea fulani ulionekana mahali fulani, msomaji hana la kufanya ila kumwamini au kumkatalia; lakini akiubana mmea wenyewe, akaukausha, akaandika mahali, tarehe na jina lake, basi hata baada ya miaka mia mtu mwingine ataufungua, ataukagua, na atasema kama mwenzake alikosea. Njia hii inahusishwa na Luca Ghini, aliyefundisha Pisa, Italia, katika karne ya 16, na mpaka leo haijabadilika sana: gazeti, karatasi za kufyonza maji, mbao mbili na mikanda ya kukaza. Ulimwenguni kuna hebaria zaidi ya 3,000, zenye sampuli zinazokaribia milioni 400. Sisi watu wa Usambara hatuna sababu ya kuiona kazi hii kuwa ngeni, maana hebaria kubwa ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi ilianzia kwetu Amani mwaka 1902, ndipo ikahamishwa mwaka 1950.

Hata hivyo, shahidi huyu ana mipaka yake, na mguu-bukini huionyesha mipaka hiyo waziwazi kuliko mimea mingi.

Shida ya kwanza ni jina. Katika nchi ya makorongo ya Arizona na Utah kuna spishi kadhaa za jenasi hii, na zinafanana mno. Majani, ambayo ndiyo macho huyakimbilia, hubadilika katika mmea mmoja: ya chini ni mapana, ya juu membamba, ya kivulini ni makubwa na laini, ya juani madogo na mazito. Tofauti za kuaminika zimo katika tunda, na tunda lenyewe ni ganda jembamba linaloizunguka ile mbegu ya milimita moja. Kwa Chenopodium fremontii ganda hilo halikushikamana na mbegu. Ukilisugua kwa ncha ya sindano linaachia kama ngozi ya kitunguu. Kwa Chenopodium berlandieri limeng'ang'ania, na uso wake una vishimo vidogo kama sega la nyuki. Chenopodium watsonii nayo ina vishimo, na juu ya hayo hunuka vibaya, lakini harufu hiyo mmea ukishakauka haitegemewi tena, hivyo kama mkusanyaji hakuiandika kwenye lebo siku ile ile, ushahidi huo umepotea. Wataalamu wanaohesabu kromosomu wana ushahidi wao mwingine, 18 kwa fremontii na 36 kwa berlandieri, ila hilo halimsaidii mtu aliyeshika karatasi ya mwaka 1930 na lenzi ya mkononi.

Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu jina moja lilifanya kazi ya kapu: Chenopodium album, spishi ya Ulaya na Asia iliyoenea duniani kama gugu. Mkusanyaji aliyekutana na mguu-bukini asioujua aliandika album na kuendelea na safari. Mwaka 1954 mtaalamu wa mimea Herbert Wahl alichapisha uchunguzi wake wa jenasi hii katika Amerika ya Kaskazini, akisisitiza mbegu na ganda lake, na mimea mingi ya asili ya bara lile iliyokuwa imetiwa katika kapu hilo ikaanza kutolewa mmoja mmoja. Kazi hiyo haijaisha. Niliyaona hayo kwa macho yangu: karatasi moja yenye lebo ya kwanza inayosema album, chini yake kijikaratasi cha utambuzi kinachosema berlandieri, na chini yake tena kingine, cha mkono mwingine na wino mwingine, kilichoishia kwenye jina la jenasi peke yake, kwa kuwa mmea ulichumwa ukiwa na maua tu, bila tunda hata moja lililokomaa. Watu watatu, kwa miaka mingi, waliinama juu ya mmea ule ule, na wa mwisho ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuandika kidogo kuliko wote. Namheshimu sana mtu huyo.

Namheshimu zaidi kwa sababu kosa hilo la kuchuma mapema nililifanya mwenyewe. Agosti ya kwanza nilipokuwa kule, mwalimu wangu alitupeleka katika korongo dogo nje ya mipaka ya hifadhi ya taifa, mahali ambapo alikuwa na kibali cha kukusanya mimea. Mvua za kiangazi zilikuwa zimeanza, udongo mwekundu ulikuwa umelowa, na chini ya mti wa msonobari mfupi, palipokuwa na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, nikauona mguu-bukini umesimama wima, wenye afya, unga wake unameta. Niliung'oa na mizizi, nikaulaza kwenye gazeti, nikanyoosha jani baada ya jani kwa vidole. Nilijivunia sampuli ile. Wiki iliyofuata mwalimu aliifungua chini ya hadubini, akageuza kishada kimoja baada ya kingine kwa koleo, akasema kwa upole, "Hapa kuna maua. Mbegu ziko wapi?" Sampuli yangu iliingia kabatini ikiwa na jina la jenasi peke yake.

Tangu siku hiyo nilianza kuzisoma tarehe za lebo kwa jicho lingine. Katika mafungu niliyoyanakili, wakusanyaji wengi walikuwa wamefika korongoni Mei na Juni, majira ya maua mazuri ya jangwani na kabla ya joto kuwa kali mno. Mguu-bukini hukomaa mwishoni mwa kiangazi na mwanzo wa majira ya vuli, wakati wanafunzi wamerudi darasani na wageni wameanza kupungua. Mtu akitazama ramani ya rekodi zake na kuona sehemu tupu, asikimbilie kusema kwamba mmea haupo hapo. Pengine aliyepita hapo alipita mwezi usiofaa, au alikuwa na nafasi ya sampuli kumi katika mzigo wake na akaona si haki kutoa nafasi moja kwa gugu linalofanana na yale ya nyuma ya jiko lake.

Shida ya pili ni mahali, na hapa ndipo korongo lenyewe linapoingia. Grand Canyon ina urefu wa kilomita 446 ukifuata Mto Colorado, upana unaofika kilomita 29, na kina kinachozidi kilomita moja na nusu. Ukingo wa kusini uko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, ukingo wa kaskazini ni wa juu zaidi, lakini mto, pale njia ya Bright Angel inapofika chini, uko kwenye mita 750 hivi. Juu kuna misonobari na theluji wakati wa baridi. Chini kuna joto la kiangazi linalopita nyuzi 40. Mwaka 1889 mwanasayansi C. Hart Merriam aliuchunguza mlima ulio karibu na mji wa Flagstaff pamoja na korongo hili, na kutokana na safari hiyo akaeleza jinsi mimea na wanyama wanavyojipanga kwa kanda kufuatana na mwinuko, kana kwamba mtu anayeshuka siku moja amesafiri kutoka Kanada hadi Meksiko.

Sasa fikiria lebo ya zamani iliyoandikwa maneno mawili tu: Grand Canyon. Nilikutana nazo. Mtu wa kompyuta anatakiwa kuipa rekodi hiyo latitudo na longitudo ili ionekane kwenye ramani ya SEINet, kanzidata inayounganisha sampuli za hebaria nyingi za kusini-magharibi ya Marekani, na kanuni inamtaka aandike pia ukubwa wa mashaka, yaani nusu kipenyo cha duara ambalo ndani yake mmea ungeweza kuwa umechumwa. Kwenye nchi tambarare, duara la kilomita mbili si jambo kubwa. Mmea utabaki katika mbuga ile ile. Kwenye korongo, duara la kilomita mbili linaweza kuanzia msituni kwenye misonobari, likapita juu ya kuta za mawe, na kuishia kwenye mchanga wa mtoni, zaidi ya mita 1,000 chini. Nukta moja inaweza kuwa imeubandika mmea wa ukingoni katikati ya jangwa. Halafu mtafiti wa mbali, asiyewahi kuiona lebo, anachukua nukta elfu kadhaa kama hizo, anazilinganisha na ramani za joto na mvua, na kutangaza mmea unastahimili nini. Nikiwaza hivyo huwa nasikia uzito mikononi ninapoandika tarakimu.

Kinachoiokoa rekodi ya namna hiyo ni jambo dogo: mwinuko. Mkusanyaji aliyeandika kwamba alichuma mmea kwenye futi 6,900, chini ya msonobari, kwenye kivuli, ametuachia uzi wa kushika hata kama hakuwa na ramani nzuri. Lebo ya karatasi yenye mbegu kumi na mbili ilikuwa na mwinuko, ilikuwa na neno kivuli, na ilikuwa na neno njia. Ndiyo maana niliipenda. Nisingeweza kusimama kwenye jiwe lile lile alilosimama mtu yule, lakini ningeweza kukaribia.

Mto nao una habari yake. Juni 1938 wanawake wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Elzada Clover, mwalimu wa botania, na Lois Jotter, mwanafunzi wake, waliingia kwenye mashua za mbao za nahodha Norman Nevills huko Green River, Utah, na kwa zaidi ya siku 40 wakasafiri majini mpaka Ziwa Mead, wakibana mimea kila walipopumzika. Magazeti ya wakati ule yaliona ajabu kwamba wanawake wangethubutu kupita maporomoko yale. Shauku ya Clover ilikuwa kwa madungusi, na waliporudi walieleza aina mpya za madungusi, lakini orodha yao ya mimea ya korongo, iliyochapishwa mwaka 1944, iligusa kila kitu walichoweza kukifikia, miti ya kingo za mto na magugu ya mchangani pia. Nawawazia usiku, nguo bado zimelowa, wakibadilisha magazeti yenye unyevu kwa taa, maana mmea usiobadilishiwa karatasi huoza ukiwa ndani ya mbao.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1963, Bwawa la Glen Canyon lilifungwa, maji ya Ziwa Powell yakaanza kupanda na kuzifunika kingo nyingi walikopita, na chini ya bwawa yale mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakisafisha fukwe za mto yakakoma. Mimea ikashuka karibu na maji kuliko ilivyowahi. Karatasi za mwaka 1938 zikawa ushahidi wa mto ambao haupo tena. Mwaka 1994, akiwa na miaka 80, Jotter alirudi kwenye mto ule pamoja na wanasayansi, ili kumbukumbu yake iwasaidie kuona kilichobadilika. Kila nikifika kwenye sehemu hii ya habari zao hunibidi nisimame kidogo.

Kuna mambo ambayo lebo nyingi haziyasemi kabisa, nami naona ni upungufu mkubwa. Korongo lile halikuwa tupu. Wahavasupai wanaishi ndani yake mpaka leo, na Wahopi, Wazuni, Wanavajo na Wahualapai wana maisha na ibada zilizofungamana nalo. Matilda Coxe Stevenson, aliyeandika juu ya mimea ya Wazuni mwaka 1915, alieleza jinsi walivyosaga mbegu za mguu-bukini wa jani jembamba, wakazichanganya na unga wa mahindi na chumvi, kisha wakapika madonge kwa mvuke. Mashariki zaidi katika bara lile, watu walikuwa wakilima berlandieri yenye mbegu za ngozi nyembamba zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kabla mahindi hayajatawala mashamba. Lakini kwenye lebo nilizonakili, mstari wa matumizi ulikuwa mtupu, na jina la wenyeji nililikuta mara chache mno. Aliyechuma mmea kando ya njia aliandika jina la Kilatini la mmea na jina la mpelelezi. Waliokuwa wakiuchuma hapo kwa vizazi hawakuulizwa. Mama, kwa swali lake la kwanza kabisa, aliuliza kitu ambacho fomu zetu hazikukiwekea nafasi.

Na kuna hebaria nyingine isiyotengenezwa na mtu. Katika mapango makavu ya korongo, panya wa huko wenye desturi ya kukusanya vijiti, majani na mbegu hurundika akiba yao kwa vizazi, na mkojo wao ukikauka huwa kama gundi ngumu inayoyafunga yote pamoja. Marundo hayo yanaweza kudumu zaidi ya miaka 40,000. Wanasayansi wameyayeyusha kwa maji, wakachambua majani, wakapima umri wake kwa kaboni, na wakajua kwamba wakati wa enzi ya barafu mimea ya ukingoni iliishi chini sana korongoni kuliko leo. Panya hakuandika tarehe, lakini mahali alipochuma hapakuwa mbali na shimo lake, na hilo ni zaidi ya tunalopewa na lebo ya maneno mawili.

Watafiti wa Brigham Young University, Utah, wamekuwa wakitafuta miguu-bukini ya porini ili kuichanganya na kwinoa, kwa kuwa kwinoa ya milima ya Andes hushindwa kufunga mbegu vizuri penye joto kali, na berlandieri ya nchi za joto ni ndugu anayeweza kupandishwa nayo. Watu kama hao huanza na rekodi kama hizi: wapi, lini, mwinuko gani. Lebo nzuri ya mtu aliyekwisha kufa inaweza kuwapeleka moja kwa moja bondeni. Lebo mbaya inawapeleka kwenye ukuta wa mawe.

Mwaka wangu wa pili nilimwomba mwalimu anirudishe kwenye korongo lile dogo, safari hii mwishoni mwa Septemba. Nyasi zilikuwa zimegeuka rangi ya ngano. Chini ya msonobari ule ule kulikuwa na mimea minne, midogo kuliko wa mwaka uliotangulia, mashina yake yamekuwa mekundu na majani ya chini yamedondoka. Niliikuta na mbegu. Nilichuma miwili, nikaiacha miwili. Nilifikicha jani, nikanusa, nikasubiri, nikanusa tena. Mwalimu alishika daftari la shambani akaniachia niseme, naye akaandika kama nilivyosema, kisha nikaipiga chapa lebo hiyo mwenyewe Ijumaa iliyofuata: mwinuko wa mita 2,050, udongo mwekundu wenye mchanga, chini ya msonobari, upande wa kaskazini wa shina, palipolala ng'ombe, mimea minne tu imeonekana, majani hayana harufu yakifikichwa, matunda yamekomaa, ganda linatoka kwa ukucha. Mbegu zilizodondoka kwenye gazeti nilizikusanya kwa brashi, nikazitia kwenye bahasha, nikaikunja bila gundi.